Lisome jina lako katika daftari la mikopo kabla hujasomewa

KAMA umewahi kukopa pesa kwa simu, hata zikiwa za kununulia unga na kulipia nauli ya matatu, yamkini jina lako limo katika daftari ambalo hujawahi kulitia machoni. Daftari hilo si lile la mwenye duka wa mtaani, analoliweka chini ya meza na kulitoa mwisho wa mwezi. Hili husomwa na benki, husomwa na Sacco, na wakati mwingine husomwa na mtu anayetaka kukuajiri. Aghalabu wewe mwenyewe ndiwe wa mwisho kulisoma.

Ninazungumzia mashirika ya kuhifadhi rekodi za mikopo, ambayo karibu kila mtu mjini huyaita kwa herufi tatu tu, CRB. Watu wengi huyaogopa kama watoto wanavyoogopa zimwi, na hofu hiyo huwafanya wasiulize maswali ambayo yangewafaa. Utamsikia mtu akilalama kwamba "ametiwa CRB", kama anayesema ametiwa korokoroni. Mwulize ni nani aliyempeleka huko, kwa deni gani na la mwaka upi. Atabaki kukukodolea macho.

Sifa hiyo mbaya ina chanzo chake. Kanuni za kwanza za mashirika haya zilitolewa mwaka wa 2008 na kuanza kutumika 2009, na shirika la kwanza likapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka wa 2010. Siku hizo benki zililazimika kupeleka majina ya walioshindwa kulipa peke yao. Kwa hivyo mtu akisikia jina lake liko huko, hakuwa na haja ya kuuliza ni kwa heri au kwa shari. Lakini kanuni mpya za 2013 zilibadilisha mambo: tangu hapo benki hupeleka habari za mkopaji mzuri na mbaya pia. Leo kuna mashirika matatu yenye leseni, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na jina lako kuwemo katika mafaili yao si aibu hata kidogo. Swali ni limeandikwaje.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Yule anayelipa madeni yake kwa wakati, kimya kimya, bila kumsumbua mtu, alikuwa hapati faida yoyote kwa uaminifu wake zamani. Benki ilimjua tu siku alipoteleza. Sasa kila mwezi anaolipa vizuri unaandikwa, na maandishi hayo ni mali yake. Kwa mtu asiye na shamba wala hati ya nyumba ya kuweka rehani, na wengi wetu tunaoishi nyumba za kupanga tuko katika kundi hilo, jina hilo ndilo dhamana pekee aliyo nayo. Ni ajabu basi kwamba tunalijali kuliko yote jina lisemwalo kanisani, msikitini na kwenye chama, na hili tunaliacha litunzwe na watu tusiowajua.

Mkopo wa simu ndio uliowaingiza wengi katika daftari hili. M-Shwari ilipoanzishwa Novemba 2012, mtu ambaye hajawahi kuvuka mlango wa benki aliweza kukopa akiwa amekaa kitandani. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukikopa Sh2,000, unarudisha Sh2,150. Kwa mwenye shida ya usiku, mtoto ana homa na mshahara u mbali, hiyo ni neema. KCB M-Pesa ikafuata mwaka wa 2015, Fuliza ikaja 2019, na katikati yake zikachipuka programu za mikopo mithili ya uyoga baada ya mvua. Shida ni kwamba mkopo mdogo huonekana mdogo hata katika akili ya mkopaji. Mtu aliyekopa Sh300,000 benki hawezi kulala usingizi tarehe ya kulipa ikikaribia, lakini aliyekopa Sh1,500 kwa simu husema, "Hizo watanifanya nini?"

Watakachofanya ni kukuandika. Mkopo uliokawia siku 90 bila kulipwa huhesabiwa na benki kuwa mkopo mbovu. Kanuni za 2020 zilisema kwamba deni lisilofika Sh1,000 lisitumiwe kumharibia mtu jina, na hilo liliwaokoa wengi, lakini Sh1,500 imekwisha kuvuka mpaka huo. Daftari halina huruma ya kusema hizi ni pesa kidogo.

Tuseme kuna mama anayeuza nguo za mitumba Gikomba. Biashara imemkubali, na sasa anataka mkopo wa Sh300,000 ili achukue kibanda cha pili na kununua marobota mwenyewe badala ya kununua kwa madalali. Ana akiba, ana wateja, ana daftari la mauzo. Benki inamkatalia. Anapofuatilia, anaambiwa kuna deni la Sh1,800 la miaka mitatu iliyopita katika laini ambayo siku hizi haitumii. Laini hiyo alimwachia mpwa wake alipokuja mjini kutafuta kazi. Mpwa alikopa, akala, akapata kazi Mombasa, na laini akaitupa. Pesa Sh1,800 zimesimama mlangoni mwa Sh300,000. Mama huyo ni wa kubuni, lakini ukiuliza katika familia tatu utapata aliyefikwa na mambo yanayofanana na hayo.

Jambo la kutazama katika kisa hicho ni kwamba mama hakujua. Kanuni zinamtaka mkopeshaji akuarifu siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kwa sababu ya deni baya, na huo ni muda wa kutosha kutafuta Sh1,800. Lakini arafa ya kumwarifu ilikwenda katika laini ile ile iliyotupwa. Kwa hivyo, mpendwa msomaji, ukibadilisha nambari ya simu, usiwaarifu jamaa na marafiki pekee. Waarifu pia wanaokudai. Na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako usimwachie mtu, awe mpwa, awe shemeji, awe mchumba. Siku hizi laini si kifaa cha kupigia simu tu. Ni saini yako.

Sasa basi, utalisomaje daftari hilo? Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa shirika. Mashirika yote matatu yana njia za kukuhudumia kwa simu na kwa mtandao, na unachohitaji hasa ni nambari ya kitambulisho na nambari ya simu yako. Usitosheke na moja; soma zote tatu, maana kosa linaweza kuwa limesahihishwa huku na kusahaulika kule. Wengi huchanganya ripoti hii na kile cheti cha kuonyesha kwamba huna deni baya, ambacho waajiri wamekuwa wakiwaitisha vijana wanaotafuta kazi. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Cheti ni cha kumwonyesha mtu mwingine. Ripoti ni ya kujisomea wewe. Hata hicho cheti, kanuni za 2020 ziliamuru kwamba anayekichukua kwa mara ya kwanza asitozwe pesa.

Ukiipata ripoti, usikimbilie nambari ya alama iliyoandikwa hapo juu, ile ambayo kwa Metropol huanzia 200 hadi 900, na kadiri inavyopanda ndivyo ilivyo bora. Vijana huitazama kama matokeo ya mtihani, wakaishia hapo. Anza chini. Tazama jina lako limeendelezwa vipi, nambari ya kitambulisho ni yako kweli, tarehe ya kuzaliwa ni yako. Nchini mwetu wapo akina Otieno, Wanjiku na Mutua wengi wenye majina mawili yanayolingana neno kwa neno, na tarakimu moja ikikosewa, deni la mwingine linakuja kukaa kwako. Kisha pitia kila akaunti. Je, unaikumbuka? Salio ni lile unalolijua? Deni ulilolimaliza limeandikwa limelipwa, au bado liko wazi? Tazama pia orodha ya walioulizia habari zako. Ukiona mkopeshaji ambaye hujawahi kumkaribia ameulizia, huenda kuna mtu anajaribu kukopa kwa jina lako.

Ukikuta kosa, lalamika kwa maandishi, na ulalamike pande mbili: kwa shirika lenye ripoti na kwa mkopeshaji aliyepeleka habari hizo. Watu wengi huenda upande mmoja tu, kisha wakazungushwa. Shirika haliandiki madeni kutoka kichwani mwake; linaandika lililoletewa, na mkopeshaji asipopeleka masahihisho, kosa litarudi mwezi ujao. Ambatisha risiti, arafa za M-Pesa za kuonyesha ulilipa, na barua ya mkopeshaji kama unayo. Shirika linapaswa kuchunguza na kutia alama kwamba habari hizo zinabishaniwa. Ndiyo sababu ninawasihi wasomaji wasifute arafa za malipo ya mikopo. Futa zile za bahati nasibu, hizo hazina faida.

Na likiwa si kosa bali ni deni lako halisi? Lilipe, kisha udai barua ya kuthibitisha kwamba umelimaliza, na baada ya majuma machache uitazame ripoti tena uhakikishe imeandikwa hivyo. Ni vyema ujue pia kwamba deni baya lililolipwa halipotei siku hiyo hiyo. Kumbukumbu yake hukaa miaka mitano tangu siku ulipolimaliza. Wapo wanaodhani wakijificha miaka mitano deni litazeeka na kufa lenyewe. Hesabu hiyo wameigeuza kichwa chini miguu juu, kwani miaka hiyo huanza kuhesabiwa pale unapolipa. Lakini mkopeshaji anayesoma "lilichelewa, likalipwa" hamwoni mtu sawa na yule anayesoma "halijalipwa". Benki Kuu yenyewe imewahi kuzieleza benki kwamba ripoti isiwe sababu pekee ya kumnyima mtu mkopo.

Hapa sharti niwataje matapeli. Ukipita mitaani na mitandaoni utaona matangazo ya watu wanaodai kwamba wana jamaa ndani, nao watakufutia jina kwa ada kidogo. Hakuna anayeweza kulifuta deni la kweli ila aliyekukopesha, baada ya kulipwa. Pesa unazompa mtu huyo ungempa unayedaiwa naye, shida ingekwisha. Na ukimpa nambari ya kitambulisho na nambari za siri, umemfungulia mwizi mlango na kumpa kiti.

Uvumi mwingine unatokana na matangazo ya serikali ambayo watu waliyasikia nusu. Kuanzia Oktoba 2021, wakati biashara zilikuwa zimezoroteshwa na ugonjwa wa Covid-19, upelekaji wa majina ya walioshindwa kulipa mikopo isiyozidi Sh5 milioni ulisimamishwa hadi mwisho wa Septemba 2022. Kisha Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango wa kuwasaidia waliolemewa na mikopo ya simu: benki zilipunguza angalau nusu ya deni, na mkopaji akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kumalizia sehemu iliyosalia. Barazani jambo hilo likawa "CRB imefutwa". Haikufutwa. Aliyepunguziwa nusu na asilipe nusu ile nyingine hakuwa amesamehewa, na mipango yote miwili ilikwisha muda wake kitambo. Ukisikia tena kwamba madeni yamefutwa, soma tangazo lenyewe kabla ya kuzima simu.

Kuhusu kampuni za programu za mikopo, mkopaji ana nguvu zaidi leo kuliko ilivyokuwa. Tunazikumbuka siku ambazo mtu akichelewa kulipa, kampuni ilimpigia simu mama mkwe, mwalimu mkuu na mchungaji, ikiwatangazia deni la Sh3,000. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondolea wakopeshaji wasiosimamiwa na sheria ruhusa ya kupeleka majina kwa CRB. Kanuni za Machi 2022 zikawataka wakopeshaji wa simu wachukue leseni, na zikawakataza kuwaaibisha watu kwa kuwapigia simu waliomo katika orodha ya nambari zao. Kampuni 10 za kwanza zilipata leseni Septemba 2022, na nyingine zimefuata. Orodha yao hutolewa na Benki Kuu. Kabla ya kukopa, hakikisha jina la kampuni limo.

Nanyi wanafunzi msidhani haya ni ya wazazi wenu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ndio mkopo mkubwa wa kwanza kwa vijana wengi wa chuo, na unapaswa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa Sh5,000 kwa kila mwezi anaoruka. Najua kazi hazipatikani, na sitamkejeli kijana aliye na shahada na hana nauli. Lakini nyamaza yako ndiyo inayokuharibia. Mwenye kuiandikia bodi akaeleza kwamba hajapata kazi ana lake la kusema. Aliyebadilisha nambari ya simu hana. La pili kwenu ni mikopo ya simu ya kuchezea kamari ya mechi za Uingereza. Mtu anayekopa Sh1,000 Jumamosi asubuhi ili awe na Sh10,000 jioni ameshapoteza mara mbili: timu imefungwa, na jina limeandikwa.

Kwa upande wa watu wazima, mtego mkubwa zaidi nauona katika udhamini. Mwenzako kazini anakuja na fomu ya Sacco, kalamu mkononi, tabasamu hadi masikioni, na unatia sahihi ukiwa unakunywa chai. Waama, kukopa harusi, kulipa matanga. Akiacha kazi au akahamia mbali, Sacco itakuja kwa akiba yako. Sisemi mtu asimdhamini mwenzake. Bila udhamini Sacco zetu zisingesimama. Nasema ujue unadhamini kiasi gani, na uulize kila baada ya miezi michache mkopo ule umefika wapi. Anayekasirika kwa kuulizwa, hapo umeshapata jibu.

Huenda ukauliza, je, jina likiwa safi napata nini hasa? Riba. Sheria iliyowekwa 2016 ya kuzibana benki zisipandishe riba iliondolewa Novemba 2019, na tangu hapo benki hutazama hatari ya mkopaji mmoja mmoja kabla ya kumwambia bei. Watu wawili wanaweza kuingia benki moja, siku moja, wakiomba Sh500,000, wakatoka na riba tofauti. Tofauti ikiwa asilimia tano tu, kwa mwaka mmoja wa deni zima hiyo ni Sh25,000. Hiyo ni karo ya muhula kwa familia nyingi.

Baadhi ya wasomaji wa kike watataka kujua kama madeni ya mume huandikwa katika ripoti ya mke. La. Kila ripoti hufuata kitambulisho cha mtu mmoja, na deni la mume huwa la mke pale tu walipokopa pamoja au mke alipotia sahihi kuwa mdhamini. Hata hivyo nyumba ni moja na sufuria ni moja. Nimeona wanandoa wanaojuana hadi ukubwa wa viatu, lakini mume hajui mke anadaiwa na programu nne, na mke hajui mume aliuza nusu ya mshahara wake kwa mkopo wa gari lililokwisha kuuzwa. Wakienda benki pamoja kuomba mkopo wa kununua ploti Kitengela, afisa wa mikopo ndiye anayewafunulia, kila mmoja mbele ya mwenzake. Ni afadhali ripoti hizo mbili zisomwe mezani nyumbani, watoto wakiwa wamelala, kabla ya kulipia ile ada ya kuomba mkopo ambayo hairudishwi.

Na kama kuna kijana nyumbani aliyefikisha miaka 18 na kitambulisho chake kimetoka mwezi huu, kaa naye jioni moja mkaziangalie laini zote zilizosajiliwa kwa nambari hiyo. Asiyoijua aifunge kabla hajaanza kukopa yake.